Ngozi ya Tumbo

Nikisikia mnyororo unalia, hata wa mbwa wa jirani hapa Edmonton, Landani, mikono yangu huingia baridi. Mimi nacheka na kila mtu, nawaigiza wote, lakini hilo silifanyii mchezo.

Mombasa nilishona mabuibui miaka na miaka. Marehemu mume wangu alikuwa fundi viatu, basi ngozi niliijua kwa kumtazama yeye. Shule sikutia mguu. Huku Landani nilianza kwa kufagia karakana ya Mzungu mmoja mwenye ndevu kama kumbi la nazi. Siku moja akanikuta nimeketi nashona mkoba wangu uliokatika mkono. Akaniita kwa sauti yake ile inayotoka ndani ya mtungi: "Maaama. Nani kakufundisha mshono huu?" Tangu siku hiyo ufagio akashika mwengine.

Anachoshona huyo tajiri wangu nitakisema wazi, mimi mzee sina cha kuficha. Nguo za ngozi za watu wanaopenda kufungwa na kufunga, wenyewe kwa wenyewe, kwa raha zao na kwa kuelewana. Kola za shingoni, pingu zenye manyoya ndani, vizibao vya mikanda mitupu. Wanawake wenzangu wa maulidi wakiniuliza, nawaambia nashona hatamu za farasi. Mmoja, anayesemea puani, hunambia kila tukionana, "Na hao farasi mbona hawaishi, shoga yangu?" Namjibu, "Wanene."

Basi alikuja bibi mmoja, daktari wa meno, mrefu, umri hamsini na kitu. Huyo husema kwa kunong'ona, kama vile mdomo wako umo wazi mbele yake na hataki kukutisha. Alitaka vazi la kuning'inizwa. Nikauliza kuning'inizwa wapi. Tajiri wangu akaelekeza kidole juu ya dari. Yaani anafungwa ile mikanda, anatiwa kamba, anavutwa juu, anakaa hewani kama pweza aliyeanikwa. Na hiyo ndiyo raha yake. Nikasema haya, kila mtu na yake.

Tulimtandikia ngozi mezani achague. Nyeusi akaiona ya kila mtu. Ya kahawia nikamwambia mimi, "Hiyo kiti cha gari." Akacheka bila sauti. Nikavuta nyekundu iliyokuwa chini kabisa, rangi ya komamanga, akaishika akafumba macho. Ilikuwa moja tu, hakuna nyengine. Nikamchorea na nakshi ya kifuani, ile korosho ya kanga, na ya kugusana na mwili nikamchagulia ngozi ya kondoo, laini kama sikio la mtoto. Nikampima kwa kamba nikitia mafundo, maana namba za kwenye tepu sizijui.

Alipokuwa anavaa viatu vyake kuondoka, akaniinamia. "Mama, itanishika?"

Nikampiga piga mgongoni. "Itakushika."

Hapo sasa. Ngozi ukiitandika unamwona ng'ombe mwenyewe amelala. Mgongo katikati, mgumu, imara. Tumbo pembeni, laini, linavutika. Tajiri alinambia, "Maaama, mkanda wa kubeba, mgongo. Mgongo." Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Moyoni nasema, huyu na ndevu zake atanifundisha mimi kukata? Kwetu fundi mwenye akili huweka kizuri usoni. Ndani, pasipoonekana, hutia vipande, na mwenye nguo anatoka anang'ara. Basi mgongo wote niliumaliza kwenye kifua na zile korosho. Mikanda ya chini, ya mapajani na ya kiunoni, nikaikata tumboni, nikaifunika kwa ile ngozi ya kondoo. Tajiri akalitazama vazi huku na huku, akalivuta kwa mikono, akasifu. Hakuona kitu. Nilificha vizuri, si ndiyo kazi yangu?

Ijumaa yule bibi akalichukua. Atalivaa kesho yake mchana, kwenye ukumbi wao ulio chini ya daraja la treni, si mbali na karakana.

Jumamosi asubuhi niko nyumbani. Nilikuwa nimekuja na kipande cha mkanda kilichobaki, cha tumbo, nikamtilia binti yangu ninayekaa naye kwenye mkoba wake uliokatika. Akatia mchele humo na viazi, akautundika mlangoni. Tulipokunywa chai ulikuwa umening'inia vizuri. Nilipoosha vikombe nikageuka, mkoba umekaa chini, sakafuni. Mkanda umekuwa mrefu kama ulimi, na pale kwenye tundu la ribiti, kile kijisumari cha kubania, umeanza kuchanika.

"Mum, look at this," binti yangu anasema, mwembamba wa sauti, anacheka.

Mimi sikucheka. Mchele na viazi vile, na mwanamke mzima je? Niliona shingo ya yule bibi. Naapa niliona shingo tu, ile ndefu, inakuja chini kwanza.

Nikampigia tajiri. Nilikosa Kiingereza, nikabaki, "Tumbo! Tumbo! Nilikata tumbo!" nikijipiga tumbo langu kana kwamba ananiona. Binti yangu akaninyang'anya simu akamweleza. Sauti ya mtungini ikatoka nyembamba, sijawahi kuisikia. Akasema kule ukumbini simu huachwa mlangoni, hakuna atakayepokea. Yeye yuko mbali, anakuja na gari. Sisi tuko karibu kwa treni.

Kwenye treni mimi humwigiza yule mwanamke wa kwenye spika anayetaja vituo, watu hucheka. Siku hiyo alitaja kituo, nikafungua mdomo, haikutoka kitu. Binti yangu kanishika mkono, ananambia, "Breathe, Mama." Nilikuwa nasoma kila dua ninayoijua, na katikati ya dua nasikia, itanishika? Itakushika. Itanishika? Itakushika.

Mlangoni kijana wa kike akanizuia kwa adabu. "Samahani, ni faragha humu." Mimi na buibui langu, nikampita chini ya mkono.

Mnyororo wa darini, uliobeba kamba yake, ulikuwa unalia. Yule bibi yuko juu, usawa wa kifua changu, mwekundu kama komamanga, kafungwa macho, anatabasamu. Watu kumi hivi wamekaa kimya kama msikitini. Na mimi fundi nikaona wasichokiona wao. Paja la kushoto limeshuka. Kiuno kimelala upande. Kichwa kinatangulia, kidogo kidogo.

"Mteremsheni!" nikapiga ukelele, kwa Kiswahili, humo nani anakijua? "Mteremsheni, jamani, atavunjika!" Nikamwendea nikatanua mikono chini yake, mimi mfupa mtupu, kana kwamba nitamdaka. Aliyeshika kamba akanitazama mikono, akaelewa. Akamshusha taratibu. Alipogusa godoro, mkanda wa kushoto ukaachia: *tap*. Sauti ndogo tu, kama kifungo.

Akajifunua macho. "Mama? Ni wewe?"

Nikapiga magoti, nikabandua ile ngozi ya kondoo nikamwonyesha. Chini yake mkanda umekonda, tundu limechanika mpaka ukingoni. "Nilikwambia itakushika," nikamwambia. "Nilitia kizuri juu, kibaya chini." Binti yangu akamfasiria, na alikuwa analia.

Nikatoa kisu changu mfukoni nikaanza kukata mikanda, mmoja mmoja, asije mtu akaiunga. Tajiri akaingia anahema, akasema "Maa..." akaishia hapo. Nikafika kifuani. Hapo yule bibi akaushika mkono wangu.

"Korosho usizikate," akanong'ona.

Tulimshonea jengine. Jeusi, lile la kila mtu, na korosho zake nyekundu kifuani. Mikanda yote mgongo, na sikuifunika mpaka tajiri alipoipitia kwa kidole. Ikaja siku ya kupima. Tajiri akasema tutatundika magunia. Nikasema gunia halina shingo, nitundikeni mimi.

Binti yangu akapiga kelele weee. Nikavaa suruali yake chini ya dera, wakanifunga, mnyororo ukaanza kulia, na miguu yangu ikaiacha karakana. Laa ilaha. Naiona meza kutoka juu, naiona bawaba ya dirisha, naona upara wa tajiri ambao sikujua anao, na hata kumcheka siwezi.

Yule bibi amesimama chini, kanyanyua uso. "Mama, itanishika?"

Nikausikiliza mkanda wa kushoto, halafu wa kulia, halafu wa kiuno.

"Ngoja," nikamwambia. "Msiniteremshe bado."