Spika Ndogo ya Fundi Theodory

Mwaka 1975 kamati ya kijiji chetu ilipiga kura kuhusu spika. Nilikuwa mjumbe wa kamati hiyo kwa upande wa akina mama, na mkono wangu ndio uliotangulia kwenda juu. Naliandika hilo mwanzoni ili asije mtu akasema Mama Sikuzani alificha.

Theodory alikuwa fundi redio. Alizaliwa Vidunda, mlimani, na kazi aliianzia misheni kwa kufungua redio ya padri bila ruhusa na kuifunga tena ikiwa nzima. Miaka kumi alikuwa na kibanda chake sokoni Kilosa. Ilipokuja operesheni ya kuhamia vijijini, yeye na mkewe Gaudiosa waliletwa kwetu, upande wa Mikumi, pamoja na vitanda viwili, kuku wanne na sanduku la nyaya. Akapewa jembe kama sisi sote.

Hakuwa mvivu, na mtu akisema alikuwa mvivu mimi hukasirika. Alikuwa hajui kulima tu. Akipalilia pamba, magugu yanabaki yamesimama na pamba inalala. Msimamizi wa shamba la kijiji alimhamishia kwenye mahindi, na baada ya wiki akamhamishia kwenye kubeba maji. Jioni Gaudiosa alimkanda mikono kwa maji ya chumvi, naye aliitazama mikono hiyo kama ya mtu mwingine.

Kwa hiyo mwenyekiti wetu, Ndugu Melkizedek, alipomwita ofisini na kumpa masharti, Theodory alikubali kabla masharti hayajaisha. Atengeneze kipaza sauti cha kijiji, ili hotuba ya Saba Saba imfikie hata mtu wa mwisho. Akimaliza, mwenyekiti atamwombea kibali wilayani arudi Kilosa kwenye kibanda chake. Siku hiyo alibeba maji akiimba.

Amplifaya na maikrofoni alivipata misheni, betri tukaiazima kwenye trekta. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kuchagua spika, na spika tulikuwa nazo tele, kwa sababu mameneja wa mkonge walipoondoka waliacha redio zao kubwa za kabati, mbovu. Nilimkuta uani amezipanga juu ya mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaanika nini?"

"Nachagua, mama."

Alibonyeza kila moja katikati kwa vidole viwili, polepole, ameinamisha kichwa, akisikiliza kama kuna kinachokwaruza ndani. Iliyokwaruza aliiweka pembeni. Iliyobaki aliigusisha nyaya kwenye betri ya tochi. Spika nzima ilisema "to" na karatasi yake ikasogea kidogo. Mwisho zikabaki tatu: mbili kubwa kama sinia na moja ndogo kama kisosi. Akaniambia atatumia kubwa moja na hiyo ndogo. Kubwa ni ya besi, ndiyo inayoipa sauti kifua. Ndogo ni ya sauti nyembamba.

"Maneno yenyewe yamo kwenye hii ndogo," alisema. "Ile s, ile t, ile f. Ukiiondoa, utasikia mtu anaongea ila hutajua anasema nini."

Hayo nilielezwa mapema, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda semina Kilosa, siku tatu, kuhusu unyonyaji. Nilirudi nimeiva. Theodory alipoleta mbele ya kamati ubao wa mninga wa uso wa sanduku la spika, amechora kwa mkaa duara moja pana na jingine dogo chini yake, mimi nikasimama.

"Ndugu fundi, kwa nini mmoja anapewa nyumba na mwingine anapewa tundu la panya?"

"Hizi ni spika, mama."

"Tunaziona. Mimi nauliza, hii ndogo imekosa nini?"

Wajumbe wakanong'ona. Ndugu Melkizedek akakohoa, akasema kwamba mama amegusa jambo zito, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuweka mbele ya watu wake, siku ya Saba Saba, sanduku lenye bwana na mtwana. Theodory akajaribu kueleza habari za besi. Mwenyekiti akamuuliza kama anaipinga kamati. Akajibu hapingi. Tukapiga kura, mikono kumi na mmoja, kwamba spika zote mbili ziwe na ukubwa sawa. Kwa kuwa ndogo ilikuwa moja tu, zikachukuliwa zile kubwa mbili. Theodory akaitia ndogo kwenye kopo la majani ya chai na kwenda nalo nyumbani.

Siku ya Saba Saba sanduku lilipendeza kweli. Ndugu Melkizedek, ambaye hata bila chombo ana sauti nzito, akaibandika maikrofoni mdomoni. Likatoka ngurumo. Kifua kilitetemeka, kuku walikimbia, na kwa dakika arobaini tulisikia mbu-mbu-mbu. Alipopumzika tulipiga makofi. Katikati alitoa karatasi mfukoni, akaisoma taratibu huku akimtazama Theodory na kutabasamu. Tukapiga makofi zaidi. Theodory, aliyekuwa amesimama karibu na betri, alipoona watu wote wanamtazama, naye alipiga, mikono juu ya kichwa.

Tulipotawanyika kila mtu alisema hotuba ilikuwa nzuri. Nani angesema vingine? Sanduku tulikuwa tumelipigia kura wenyewe.

Theodory akaanza kungoja kibali. Hakuuliza, maana kwetu mdogo hamkumbushi mkubwa ahadi yake. Julai ikapita, Agosti ikapita, akibeba maji na kuchuma pamba. Septemba trekta ilipeleka pamba Kilosa, naye akapanda juu ya magunia. Sokoni alikuta kibanda chake kiko wazi na mtu yumo ndani anachomelea redio. Mtu huyo alikuwa mstaarabu. Akamweleza kwamba kibanda kilikuwa cha fundi mmoja wa huko Mikumi, aliyetakiwa kuripoti ndani ya siku saba. Barua alisomewa Saba Saba mbele ya kijiji kizima, ila hakutokea.

Nilikuwa ofisini aliporudi kumwona mwenyekiti.

"Theodory, barua nilikusomea mwenyewe," alisema Ndugu Melkizedek. "Ukapiga makofi."

"Sikusikia, mwenyekiti."

"Lakini ulikuwa umesimama karibu na spika."

"Ndiyo, mwenyekiti."

Ndugu Melkizedek alihuzunika, sisemi uongo. Alikuwa amedhani fundi amekataa kwa kuipenda ardhi, akaguswa sana, na alikwisha kuwaandikia wilayani hivyo. Hakuona namna ya kuandika barua ya pili inayoipinga ya kwanza. Theodory akanitazama. Nilitakiwa kusema kwamba ni mimi niliyeanza yale mambo ya tundu la panya. Niliangalia sakafu mpaka akatoka, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Tarehe tisa Desemba, asubuhi ya sherehe ya Uhuru, tulikuta sanduku limebadilika. Spika kubwa moja imetolewa, nafasi yake imezibwa kwa ubao, na katikati ya ubao imekaa ile ndogo. Kamati haikuwa imeombwa ruhusa. Wajumbe kumi na mmoja tuliliona na hakuna aliyefungua mdomo.

Mwenyekiti akasema, "Ndugu wananchi." Tukashtuka. Kila herufi ilitufika kama ametuinamia sikioni. Wanawake waliokuwa kisimani walisema baadaye kwamba hata wao walisikia kila kitu.

"Mkulima wetu wa mfano mwaka huu," akasoma, "ni Ndugu Theodory, aliyepewa kibali cha kurudi mjini akakikataa, akachagua jembe."

Makofi yalikuwa makubwa, na safari hii watu walijua wanapigia nini. Gaudiosa hakupiga. Theodory alipanda jukwaani akapewa zawadi, jembe jipya lenye mpini uliopakwa rangi ya kijani. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akashuka kupitia upande wangu.

"Shikamoo, mama. Huku nyuma mmesikia?"

"Marahaba. Tumesikia."

"Maneno yote?"

"Yote, baba."

Akatikisa kichwa, akaliweka jembe begani, akaenda kufungua nyaya za betri.