Swali la Mtaa wa Corinne

Doreen Pelkey alikuwa karani wa mji wetu kwa miaka ishirini na sita, na kila swali lililopigiwa kura hapa Wickett, Vermont, miaka yote hiyo lilitoka mkononi mwake. Kununua gari la zimamoto, kupandisha kodi ya shule, kuruhusu mbwa makaburini, yote aliyaandika yeye. Nilikaa naye kaunta moja miaka kumi na tisa na sijaona mtu anayechukia kutia chumvi kama Doreen. Neno likielemea upande mmoja, analikata. Akishamaliza anamsomea mleta barua wetu, mtu mwema lakini mzito wa kuelewa. Mleta barua akiuliza, "Sasa hapo ndiyo ni ipi?" Doreen anachana karatasi na kuanza upya.

Watu walimtania kwa hilo, wakamwita Bibi Nukta. Hakujali, na mimi nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo.

Norm Gokey alisoma naye tangu darasa la kwanza. Ndiye dereva wa gari la mji la kusukuma theluji. Miaka minane iliyopita lori la magogo lilimgonga na kumuua binti yake Corinne, mtoto wa miaka kumi na mmoja, kwenye Mtaa wa Stesheni, mbele ya duka la mikate. Mwezi uliofuata baraza la mji likaufunga mtaa, gari lisipite tena. Mwanzoni palikuwa na maua na mishumaa. Baadaye yakaja mabenchi. Baadaye tena baa ikatoa meza nje, na kila Alhamisi ya kiangazi bendi ikawa inapiga hapo. Watu wanacheza na kumwagiana bia pale pale alipoangukia mtoto. Siwasemi wengine, hata mimi nimecheza pale, tena zaidi ya mara moja, na wala sikuona haya. Norm hana njia nyingine ya kwenda kazini, anapita kwa miguu katikati yetu.

Vuli iliyopita alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba akiomba saini, ili mji uulizwe kama mtaa ufunguliwe. Hakumhubiria mtu. Alisema tu anataka mtaa uwe mtaa, magari yapite, watu waende zao. Watu mia tatu na kumi na mmoja walitia saini, maana nani angeweza kuutazama uso ule mlangoni kwake akasema hapana? Kwa sheria zilitosha na kubaki.

Doreen akaandika: "Je, magari yaruhusiwe kupita tena katika Mtaa wa Stesheni?" Mleta barua alielewa mara moja. Aliyelirudisha ni mwanasheria wa mji. Alisema mtaa huo haupo. Na kweli haupo. Mwaka mmoja baada ya ajali baraza liliubadili jina ukawa Mtaa wa Corinne Gokey. Midomo yetu iliendelea na Stesheni kwa mazoea, lakini kwenye daftari la mji ni Corinne. Aliyeandika pendekezo lile la kubadili jina ni Doreen mwenyewe, kwa huruma, na siku lilipopita Norm alilia kwenye kaunta yetu akimshukuru.

Doreen akajaribu "mtaa ulio kati ya stesheni na daraja". Mwanasheria akakataa, akasema swali lisilotaja mtaa kwa jina lake halali litatupwa na jaji yeyote. Doreen alimwandikia mara tatu, na mara tatu jibu likawa lile lile. Basi akamwita Norm.

Norm alisimama mbele yetu, kofia mkononi, theluji ikiyeyuka kwenye buti zake.

"Haya, nisomee," alisema.

"Je, magari yaruhusiwe kupita tena katika Mtaa wa Corinne Gokey?"

Nikaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Dori, nani ataweka ndiyo hapo?"

"Ndivyo sheria inavyotaka, Norm."

"Sikuulizi sheria. Tumekua pamoja mimi na wewe. Nakuuliza, nani ataruhusu gari limpitie mwanangu?"

Doreen alimweleza kuwa njia iko moja tu. Aondoe ombi lake, asimame kwenye mkutano wa baraza aombe jina litolewe kwanza, kisha akusanye saini upya mwakani.

"Nisimame mbele za watu niombe mwanangu afutwe?"

"Ni jina la mtaa tu, Norm."

"Kwako wewe."

Akavaa kofia yake, akamwambia achapishe hivyo hivyo. Nilimkasirikia Doreen siku ile. Nilimwambia amekata maneno miaka ishirini na sita, kumbe limemshinda moja. Aliingia chooni, akatoka macho mekundu.

Siku ya kura ilikuwa Jumanne ya kwanza ya Machi, kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Wanawake walitoka vibandani wakifuta machozi. Bibi mmoja alinibana mkono akasema, hawezi kumfanyia mtoto yule jambo kama lile. Wasimamizi haturuhusiwi kusema neno, nikameza.

Ndiyo zilikuwa mia mbili na nne. Hapana, elfu moja mia moja themanini na nane. Hata baadhi ya waliotia saini walimgeuka, hilo halihitaji hesabu ndefu. Doreen aliyasoma matokeo kwa sauti, jina zima la mtaa, kama inavyotakiwa. Watu wakapiga makofi, kisha wakapanga foleni kumkumbatia Norm. "Tumemlinda, Norm," walimwambia. Akamshukuru kila mmoja, sijui kwa nguvu zipi.

Alibaki mpaka tukaanza kukunja meza. Doreen akamwendea akitaka kumwomba radhi, naye akatikisa kichwa.

"Swali lilikuwa wazi," alisema. "Usijilaumu."

"Ningekataa kulichapisha."

"Ungefukuzwa kazi bure. Sikiliza. Niliingia pale kibandani, nikalisoma, nikashika kalamu. Nilikaa mle mpaka mtu akagonga." Alishusha pumzi. "Na mimi nimeweka hapana, Dori."