Mahindi ya Kuku

Harufu ya mahindi yaliyoota ukungu huingia kwenye nguo na haitoki. Nimeifua leso yangu ya jikoni hadi imechujuka, na bado nikiinama kuchochea moto naisikia, ile harufu ya soksi iliyosahaulika kwenye kiatu kilicholowa. Naanza na harufu kwa sababu ndiyo iliyoniudhi kuliko njaa yenyewe. Njaa ningeivumilia.

Tunakaa Langas, mtaa wa Eldoret, mimi, mume wangu ambaye ni fundi wa mawe, na binti yetu wa gredi ya pili. Toka nje ya Eldoret upande wowote unaotaka, utakutana na mahindi. Malori ya nafaka yanapita yakidondosha punje barabarani. Na sisi tunaokaa katikati ya mahindi yote haya ndio tuliofika mahali pa kula yaliyooza. Nikilifikiria hilo natamani kutema mate.

Tulianza kupunguza kama kila mtu alivyopunguza. Nyama iliondoka bila kuaga. Maziwa yakabaki ya kupaka chai rangi tu. Sabuni ya kuoga, ya nguo na ya vyombo ikawa mche mmoja, tena unakatwa vipande. Mkate ukawa wa Jumapili, halafu ukawa wa wageni, halafu wageni nao wakaacha kuja kwa sababu nauli imewashinda. Kodi ilipanda na kazi za mjengo zikapungua. Unga wa pakiti tukauacha, tukahamia mahindi ya kupimiwa kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, yale unayonunua sokoni na kupeleka mwenyewe kusagwa kwenye kisiagi. Hapo bado nilikuwa na heshima yangu. Kisha na ya gorogoro yakapanda bei.

Karibu na soko kuna dalali mwenye kibanda cha mabati. Anauza mahindi yaliyokataliwa kwenye maghala kwa sababu yalilowa. Anayaita mahindi ya kuku, na kila mtu anajua nani anayala. Kwa hivyo kuna adabu yake ya kuyanunua.

"Uko na kuku ngapi, mama?" akaniuliza siku ya kwanza.

"Kumi na mbili."

"Zinataga?"

"Zinataga sana."

Sina hata unyoya. Aliyesimama nyuma yangu, mwalimu wa chekechea, alisema ana thelathini, na mimi najua anapokaa: chumba kimoja, ghorofa ya pili. Dalali akatupimia huku akitabasamu, akamtakia kila mmoja mayai mengi. Nilimchukia kwa uungwana wake huo. Angetutukana ningemwona mtu.

Nyumbani niliyamwaga kwenye ungo nichambue. Punje nyingine zilikuwa za kijani, nyingine nyeusi kichwani, nyingine zimeshikana kwa utando mweupe. Nikatupa, nikatupa, mpaka nikaona nikiendelea hivi nitabaki na ungo mtupu. Nikaanza kuzirudisha. Vidole vyangu vilikuwa na vumbi la kijani na nilinawa mara mbili kabla ya kumgusa mtoto, halafu yale mahindi yenyewe nikayapeleka kusagwa ili ale. Hebu niambie akili gani hiyo.

Uongo wa kuku hufia kwenye kisiagi. Chakula cha mifugo kinasagwa kwa mashine moja, kinatoka chenga; unga wa watu unasagwa kwa nyingine, unatoka laini. Mwenye kisiagi lazima akuulize, na lazima apige kelele kwa sababu mashine zinanguruma.

"Mama! Hii ni ya kuku ama nikusagie laini?"

Foleni nzima ikanigeukia. Nikasema laini.

Akatumbukiza mkono kwenye mfuko wangu, akatoa punje kiganjani, akazitazama, akanitazama. "Kuku za Langas zimeanza kuringa," akasema. "Siku hizi zote zinataka laini."

Watu wakacheka. Mwalimu wa chekechea alicheka kuliko wote, na mfuko wake ulikuwa na yale yale. Na mimi nikacheka. Hadi leo kinachonichefua ni kicheko hicho, jinsi tulivyochekea aibu yetu na kuondoka tumebeba unga.

Ugali wa unga huo ulikuwa wa rangi ya jivu. Mume wangu alikula haraka haraka, bila kuvuta pumzi, akasema nitie chumvi. Binti yetu alichukua tonge moja, akalirudisha kwenye sahani.

"Mama, ugali inanuka."

Nikafurahi. Najua inavyosikika, lakini nilifurahi. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba ukungu wa mahindi huua watu, na tangu siku hiyo nikawa namtazama macho kila asubuhi nione kama yamegeuka manjano. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililonitia hofu, kwa sababu lingekuja polepole na hakuna daktari angeliona. Niliogopa azoee. Mtoto akikunja pua anajua kuna kitu kizuri amenyimwa. Akiacha kukunja pua, basi dhiki imeshamchukua.

"Ndiyo, inanuka," nikamwambia. "Kula, lakini ujue inanuka."

Ikawa ndiyo sala yetu ya chakula. Namwekea sahani, namuuliza, "Inanuka?" Anajibu, "Inanuka." Kisha tunakula. Mume wangu hakupenda mchezo huo. Aliniambia namfundisha mtoto dharau. Nikamwambia namfundisha kuwa na pua.

Jumapili moja mheshimiwa alikuja kanisani kwetu. Akapewa kipaza sauti, akatuambia tukaze mishipi, nyakati ni ngumu kwa wote. Mshipi wake mwenyewe ulikuwa umefika tundu la mwisho na tumbo limeulalia juu. Watu wakampigia makofi, na waliopiga makofi ni wale wale wa foleni ya laini. Nilitamani kumpakulia sahani moja tu ya ugali wangu, bila mboga, nimsimamie amalize.

Mvua zikaja, zikaisha. Binti yangu akaanza kunijibu "inanuka" mdomo ukiwa umeshajaa. Baadaye akaacha kujibu, akawa anatingisha kichwa tu, na mimi nikaacha kuuliza. Nilidhani amechoka na swali.

Msimu wa mavuno mume wangu alipata kazi ya ukuta kwa mkulima mmoja upande wa Chepsaita. Mkulima alimlipa sehemu ya pesa, na sehemu akampa mahindi mapya, debe zima, makavu, meupe pe. Nilipofika kwenye kisiagi sikungoja kuulizwa. Nilipaza sauti, nikasema ni ya watu.

Siku hiyo nilisonga ugali. Nilikaanga sukuma na kitunguu, nikaweka meza ya plastiki katikati ya chumba. Mume wangu alikula taratibu, akifumba macho. Mimi sikugusa changu. Nilikuwa namtazama mtoto usoni.

Akamega tonge, akaliviringisha, akalipeleka puani kwanza. Akakunja pua.

"Mama, hii imeharibika?"

"Imeharibika aje?"

"Haina harufu ya ugali."

Mume wangu akafumbua macho, akaitazama sahani yake. Mtoto akatutazama mmoja mmoja, akaona kuna kosa amefanya na hajui ni lipi.

"Ile yetu imeisha?" akauliza kwa sauti ya chini.

Ilikuwepo, kiporo cha jana, kwenye sufuria iliyofunikwa. Nikamwambia imeisha. Akala ile nyeupe kidogo kidogo, amenyoosha mgongo, bila kuomba kuongezewa, vile huwa anakula akiwa kwa watu.