Nilipima Upepo, Nikaandika Moshi

Bulu, bulu, bulu. Mlio ule wa moshi ukipenya kwenye chupa za dawa, kama uji wa ulezi unaoanza kuchemka, nausikia mpaka leo, mwanangu. Na kila nikiusikia hasira zinanipanda upya. Hasira kwa wakubwa wale, na hasira kwa msichana wa miaka kumi na tisa niliyekuwa mimi.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa na kila mtu mjini Sumbawanga anaimba soko huria. Kiwanda cha kukaushia mahindi, ambacho baba zetu walikijua kuwa cha serikali, kikapata mwenyewe, mtu binafsi. Mimi nilikuwa na cheti cha darasa la saba, mwandiko mzuri, na ndoto nyingi kuliko nywele. Natoka mtaani kwetu Kizwite asubuhi naimba njiani, naamini nitakuwa mhandisi hivi hivi, kwa kuangalia tu wanavyofanya. Usinicheke. Kuota hakutozwi kodi.

Tanuri la kiwanda lilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu, likila makaa ya mawe usiku na mchana. Feni ya umeme iliuvuta moshi wake kupitia bomba nene la chuma mpaka kwenye dohani, ule mnara wa kutolea moshi juu ya paa. Kazi yangu ilikuwa kuvuta moshi kidogo kwa mpira wa kubinya, kuupitisha kwenye chupa tatu, kuangalia kila dawa imemeza kiasi gani, na kuandika kwenye daftari. Nilichokitafuta hasa ni ile hewa ya sumu isiyonukia, inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Ikizidi, ujue moto unakosa pumzi.

Fundi aliyenifundisha, kabla hajapunguzwa kazini, alinisisitizia: panda ngazi, pima juu kwenye dohani. Fikisha mrija katikati, usiishie ukingoni. Pima sehemu kadhaa. Na ubinye mpira mpaka hewa iliyolala mrijani itoke yote, ndipo uanze kuhesabu.

Lakini baridi ya Ufipa mwezi wa saba unaijua. Upepo ule juu ya ngazi unakata masikio. Na kule chini, kwenye banda la kuchambulia mahindi, bomba la moshi lilipita kando ya ukuta, na kina mama walijibanza hapo kuota joto huku mikono ikichambua. Bomba lilikuwa na tundu la bolti iliyong'oka. Nikachomeka mrija wangu hapo. Pana joto, pana na umbea.

"Mtaalamu wa moshi kafika!" Mama Kabula alipaza sauti. Huyu alikuwa Msukuma, watu wake walihamia huku na ng'ombe, naye alichambua mahindi na mtoto mgongoni. "Hebu mpime na huyu wangu, tangu asubuhi anashindana na tanuri kwa kutoa hewa."

"Mwache mtoto wa watu," akajibu mama mmoja wa Kifipa. "Maziwa yenu hayo. Mpe uji wa ulezi uone kama hatatulia."

Tukacheka, nami nikaandika. Namba zikatoka nzuri ajabu, hewa ya sumu kidogo mno. Meneja akaja kulisoma daftari, mikono nyuma.

"Kresensia, tangu uje moshi umekuwa msafi. Una mkono wa baraka."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi wa nyanda za juu hatugemi, ila methali ilinifaa. Kuanzia siku hiyo sikuikumbuka ngazi kabisa.

Kwa namba zangu, Meneja akamwamuru mchochea moto, Mzee Wilibrodi wa kijiji cha Pito, abane kilango cha hewa ili makaa yadumu. Mzee akakataa mara ya kwanza.

"Bwana Meneja, moto umekuwa mwekundu, una masizi. Unaomba hewa."

"Mzee, wewe una macho. Binti ana namba."

Mzee akakibana. Na mimi, mwanangu, nilitabasamu. Umeme ukawa unayumba, feni ikisuasua, na kina mama wakaanza kulalamika vichwa vinawagonga. Nikawasikia, nikawapa pole, nikaandika safi.

Alhamisi moja umeme ukakatika. Feni ikanyamaza. Moshi uliokosa wa kuuvuta ukarudi, ukatokea kwenye ufa wa bomba ambao hakuna aliyekuwa ameuona, mle bandani. Harufu ya moshi tulishaizoea, na ile hewa ya sumu hakuna aliyeinusa. Mama Kabula aliegemea ukuta kama anayesinzia, na kichwa cha mtoto mgongoni kikaning'inia. Mzee Wilibrodi aliingia mbio. "Nje! Tokeni nje wote!" Tukawakokota. Mtoto tukamlaza upepeni, kimya, kimya, mpaka nikaanza kumwahidi Mungu vitu nisivyokuwa navyo. Kisha akalia. Mama yake akafumbua macho, akatapika, akamtafuta kwa mikono.

Umeme uliporudi, Mzee aliniita kwenye bomba. Nikasema shikamoo kwa woga tu, maana tulishaamkiana. Hakuitikia. Akaokota ganda la hindi, akalisogeza kwenye ufa, hatua mbili kabla ya tundu langu, upande wa tanuri. Ganda likanyonywa, likapotea.

"Umeona? Feni ikizunguka, ufa unavuta upepo wa nje, unachanganyika na moshi, ndipo unafika kwenye mrija wako. Mtu akitia maji kwenye pombe ya ulezi, akaionja, akatangaza si kali, tumwiteje?"

Nikalitazama tundu langu.

"Mwongo," akajijibu. "Na feni ikisimama, ufa huohuo unatema. Ungepanda ngazi, mjukuu wangu, tungejua mapema."

Tulipotoka nje, Meneja akafika. Unajua alisema nini? "Hawa hawanywi chai asubuhi, ndiyo maana wanaanguka. Na Wasukuma baridi ya huku imewashinda." Akairuka miguu ya Mama Kabula aliyelala chini kando ya ukuta, akanigeukia. "Mkaguzi anakuja Jumatatu. Zinakili namba zako kwenye karatasi safi." Mtu amenusurika kufa, yeye anatafuta karatasi safi!

Nikuambie mapema yaliyofuata: kilango kilifunguliwa, ufa ukachomelewa, banda likatobolewa madirisha. Nami nikapewa barua ya kuachishwa kazi. Sijuti hata chembe.

Sasa sikia, mwanangu. Usipime penye starehe yako, pima penye ukweli, hata kama ukweli umekaa juu ya ngazi na upepo unakuliza. Namba ikikupendeza sana, irudie. Usiridhike na sehemu moja. Moshi wa ukingoni si moshi wa katikati, na neno la mkubwa mmoja si neno la wote. Mchochea moto akisema moto unalia, na mama akisema kichwa kinagonga, hao nao ni vipimo. Usiwanyamazishe kwa daftari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara nyingine utachimba kaburi. Na anayekuomba unakili uongo kwa mwandiko mzuri, mkatalie, hata kama ndiye anayekulisha. Mungu akupe macho yasiyodanganyika, mkono usiotetemeka mbele ya mwenye cheo, na moyo wa kusema nimekosea kabla mtoto wa mwenzio hajanyamaza.

Mimi nilikawia. Jumapili ile wenzangu walipokuwa misani, tanuri likiwaka kama kawaida, nilijifunga kitenge kichwani nikapanda ngazi. Nilifikisha mrija katikati ya dohani, kisha huku, kisha kule, nikibinya mpira mpaka vidole vikafa ganzi. Nikashuka. Nikafungua daftari ukurasa wa kwanza, nikapiga mstari wa kukata kila ukurasa, mmoja mmoja, na chini ya kila mstari nikaandika: "Si kweli. Nilipima penye ufa." Mwisho nikaziandika namba za juu, nikaweka jina langu lote, na daftari nikaliacha wazi juu ya kiti atakachokalia mkaguzi.