Brashi Moja Mlangoni

Leo nimepigiwa makofi kwa kazi mbovu kuliko zote nilizowahi kuigiza.

Tuko Iringa, njia ya kwenda Tosamaganga, tunarekodi filamu ya maisha ya marehemu mchoraji mmoja aliyesumbuliwa sana na msongo wa mawazo. Picha zake hazina mtu wala mti, ni rangi tupu.

Mchoraji naigiza mimi. Nyumba tunayorekodia ni yake kweli, na mama yake mzazi alikuwa pembeni anachambua maharage.

Sini ya leo: akili zinamruka.

Basi nikapiga kelele, nikarusha makopo ya rangi ukutani, nikalia mpaka kamasi (msicheke).

"Kata! Umeua!" dairekta akashangilia. Makofi.

Mama akainuka na tambara, akaanza kufuta ukuta.

"Mama, acha tu, tutafuta sisi," nikamwambia.

"Mwanangu hakurusha rangi hata siku moja," akasema taratibu, huku anafuta. "Akizidiwa alikuwa anakaa pale mlangoni, anaosha brashi moja mpaka jua linazama. Mimi nilidhani anafanya kazi."

Jamani.

Dairekta akasema turudie. Nikakaa mlangoni na beseni la maji, nikaanza kuosha brashi. Kamera inaenda.

Mara mama akaingia kwenye picha, hakuna aliyemwambia. Akakaa kando yangu, akanifunika kitenge chake.

Dairekta hakusema kata.

Brashi ilikuwa imeshatakata zamani, nami bado naosha.

Ungekuwa wewe, ungeinuka?