Nyuma Haonekani Mtu

Jirani yangu mkunga analipenda gari lake dogo lililoinuka, kwa kuwa akishika usukani anaiona barabara yote mbele. Anachochukia ni nyuma: kioo chembamba, na kengele ya kurudi nyuma inayolia hata kwa majani. Kila asubuhi hulizunguka mara mbili, akigusa magurudumu kwa kiganja, ndipo aliwashe.

Jana alichelewa, hakulizunguka. Akaanza kurudi nyuma, kengele ikalia. “Kelele zako!” akaifokea, lakini akashuka. Binti yangu alikuwa amechutama nyuma ya gari, akifunga kamba za viatu. Nilipotoka nje kwa zile kelele, mkunga akanikabidhi ufunguo.

“Mdogo wangu, litoe wewe. Miguu imenikataa.”

Nilipanda, nikageuka kutazama kioo cha nyuma. Binti yangu alikuwa bado amechutama palepale. Kupitia kioo hicho, sikumwona.