Walitaka Nitubu Kufagia

Naitwa Wakio, wa Sagalla. Sikusoma. Marehemu baba alisema msichana hahitaji kalamu ili achunge mbuzi, na mbuzi nilichunga mpaka nikaolewa. Kusoma nilijifunza gumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa tayari na watoto, tena kwa Biblia, kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitabu kingine. Hata sasa nasoma polepole, kidole kwenye mstari. Nafikiri ndiyo maana watoto wa shule ya Jumapili walinizoea. Hakuna aliyeona haya kusoma vibaya mbele yangu.

Niliwafundisha tangu Daisy wangu akiwa mgongoni hadi akaolewa huko Voi. Sikuwa na mshahara wala sikuuomba. Kile chumba cha nyuma ya kanisa ndicho kitu pekee katika maisha yangu ambacho watu walisema ni cha Wakio, na sasa nitaeleza jinsi nilivyonyang'anywa.

Chumba kile sakafu yake ni udongo mwekundu. Ukifagia kavu, vumbi linapanda mpaka darini na watoto wanakohoa ibada nzima. Lazima kwanza unyunyize maji. Lakini maji ya kwetu yanapandishwa mlimani kwa mgongo, na ukinyunyiza kwa mkono mtungi unakwisha kabla hujafika mlangoni. Kwa hiyo mimi nilijaza maji mdomoni nikayapuliza, yakashuka laini kama manyunyu, kona hii na kona ile. Kikombe kimoja kilitosha chumba kizima. Mama yangu alifagia hivyo. Alice, mke wa mzee wa kanisa, naye amefagia hivyo kwake, nimemwona.

Ni huyo Alice aliyepita dirishani Jumapili moja asubuhi akanikuta napuliza. Mjukuu wake Shanice, msichana wa darasa la tatu, alikuwa amenishikia kikombe. Mimi kila nikimaliza kona nilikuwa naombea watoto kwa sauti ya chini, kama ninavyofanya siku zote nikifanya kazi.

Kwa mgeni hilo si kitu. Kwetu ni kitu kikubwa. Wazee wetu wa zamani walipoomba, walichukua kinywaji mdomoni, wakakipuliza chini na kutamka maneno ya kutoa hasira moyoni na kuita baraka. Huko ndiko kutasa, nako kumekatazwa na kanisa letu tangu enzi za babu zetu. Mwaka huo mvua ilikuwa imekosa tena, na tembo walikuwa wameingia mashambani wakamaliza hata kile kidogo kilichoota. Watu walikuwa wanatafuta mtu wa kulaumu. Kufika jioni, mlima mzima ulikuwa umesikia kwamba Wakio anatasa ndani ya nyumba ya Mungu, tena na watoto wadogo.

Niliitwa mbele ya wazee wa kanisa. Mchungaji Sylus, ambaye ni kijana na kwao si hapa, ilibidi kwanza aelezwe kutasa ni nini, na alipoelezwa alishtuka kuliko wote. Nikasema nilikuwa nafagia. Mzee mmoja akacheka.

"Mama Daisy, tangu lini ufagio ukashikwa kwa mdomo?"

Wakacheka wote. Wanaume ambao sakafu zao zinafagiwa kila siku na wake zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutazama zinavyofagiwa.

Wakamwita Shanice. Walidhani mtoto atatetemeka aseme chochote. Akasimama, akasema mwalimu alikuwa anafagia na yeye ndiye aliyeshika kikombe. Wakamuuliza nilitamka maneno gani. Akasema nilimwomba Mungu asituache tukatae kweli. Alice akaruka akasema mtoto ameshafungwa akili. Akamtoa nje kwa mkono. Nilijua baadaye, kwa watoto wenzake, kwamba alichapwa fimbo siku ile na kulala bila chakula, kwa sababu amemwaibisha nyanya yake mbele ya wazee.

Hukumu yao ilikuwa hivi: niondoke darasani. Lakini nikisimama mbele ya kanisa nitubu, nitarudishiwa watoto. Mchungaji alinifuata mpaka nyumbani. Hakunikaripia. Alikunywa chai yangu na kuniambia kwa upole kwamba ni maneno machache tu, niyaseme yaishe, watoto wananingoja, na Mungu anaujua moyo wangu. Upole ule uliniuma kuliko kicheko cha wazee. Mtu anakuomba umdanganye Mungu kwa heshima, na ukikataa wewe ndiwe mwenye kiburi.

Lakini nilikubali. Nasema bila kuficha, nilikubali. Nilikuwa nimechoka kusalimiwa kwa pembeni njiani, na niliwataka watoto wangu. Jumapili iliyofuata nilivaa leso yangu nzuri nikapanga maneno kichwani.

Shanice alinisubiri langoni mwa kanisa. Hakunisalimu.

"Mwalimu, ulitasa?"

"Sikutasa. Si ulikuwepo?"

"Nyanya anasema leo utasimama useme ulitasa."

Nikamwambia kuna mambo ya watu wazima, atayaelewa akikua.

"Mimi nilichapwa kwa kusema ulikuwa unafagia," akasema. "Ukisema ulitasa, basi mimi ndiye muongo."

Miaka yote ile nimewasimulia watoto habari za Yusufu aliyesingiziwa na mke wa bwana wake, na Danieli aliyetupwa kwa simba, na Bwana mwenyewe mbele ya Pilato. Niliwaambia msibadilishe neno hata mkipigwa. Mmoja alinisikia. Amepigwa, hajabadilisha. Na mimi niliyemfundisha nilikuwa naingia kanisani kumfanya muongo ili nipate kumfundisha tena. Nimfundishe nini?

Nilipoitwa mbele nilisimama. Alice alikuwa amekaa safu ya kwanza, ameshika kitambaa tayari kulia kwa furaha ya mwenye dhambi kurejea. Nikasema:

"Nilikuwa nafagia. Shanice alisema kweli mbele ya wazee, na alichapwa kwa ajili hiyo. Kama kuna wa kutubu hapa, si yeye na si mimi."

Mchungaji akaniomba nikae. Akatangaza kwamba sitafundisha wala sitakaribia Meza ya Bwana mpaka moyo wangu ulainike. Alisema hivyo, ulainike, kana kwamba ni maharagwe.

Nje, Alice alinikatia njia mbele ya akina mama.

"Umeona sasa? Kiburi cha mtu asiyesoma."

Nilikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa machafu. Shanice alikuwa ameshikwa mkono na nyanya yake, akiniangalia kuona nitafanya nini. Nikameza yote. Nikainama nikamwambia mtoto: "Nenda na nyanya. Mtumikie, mletee maji, usimjibu vibaya. Lakini lile neno lako usilibadilishe."

"Silibadilishi," akasema, na nyanya yake akamvuta.

Chumba sasa anacho kijana anayepiga kinanda kanisani. Vumbi ni lile lile. Kila Jumapili nakaa benchi la nyuma, na Meza ikiandaliwa natoka nje peke yangu, watu wakinitazama mgongo. Kuna wanaoniambia nihamie kanisa jingine. Siendi. Niende wapi, niwaachie ushahidi kwamba nilikuwa na hatia?

Ninyi mnaofundisha watoto, msiwaambie kwamba ukisema kweli Mungu atakutetea kabla ya jua kutua. Mimi sijatetewa. Waambieni watapigwa, na anayewapiga anaweza kuwa mtu wanayempenda, na mkubwa wao anaweza kuja kwa upole na kunywa chai yao. Waambieni waombe hata wakiwa na hasira. Mimi naomba hivyo. Sijamsamehe Alice. Namtaja mbele za Mungu kila asubuhi, jina lake na jina la mjukuu wake, na la mjukuu ndilo linalotoka mdomoni kwa urahisi.